Mahali Patupu

Kibao kilikuwa kimelazwa juu ya meza ya fundi rangi, maandishi yake meupe bado mabichi. Mhifadhi wa msitu alikisoma kwa sauti, kwa mbwembwe, ili shangazi yake ambaye macho yalikuwa yameanza kumgomea asikie sifa zake: misonobari iliyopangwa mistari kama wanafunzi, kijito kinachonywesha mji, njia pana zilizofyekwa kuzuia moto.

"'Msitu huu wa serikali ulipandwa mahali patupu…'"

"Rudia hapo."

"Mahali patupu."

"Na mimi nilizaliwa wapi?"

Katikati ya misonobari kulikuwa na mlimau mkongwe. Wageni walipouliza, mhifadhi aliwaambia mbegu ililetwa na ndege.

"Mlimau ule ulikuwa nyuma ya jiko la mama yangu," shangazi alisema. "Serikali ilituhamisha, ikapanda miti yake. Sawa, miti imetupa maji. Lakini patupu?"

"Shangazi, mimi naandika ninacholetewa," fundi alijitetea. "Ukileta matusi, naandika matusi."

"Nyamaza wewe. Matusi umeshaandika."

Mhifadhi alikuwa amelichukua neno lile kwenye vitabu vya ofisi bila kulipima. "Mkuu ameshalipitisha," alinong'ona. "Nikiligusa ataniona nina kichwa kikubwa, na bado niko kwenye majaribio ya kazi."

"Basi usiliguse, mwanangu." Shangazi alijifunga mtandio. "Ila kesho kwenye uzinduzi usinitafutie kiti. Mtu wa patupu hana pa kukaa."

Akatoka, akipapasa ukuta.

Mhifadhi alibaki akikitazama kibao. Sentensi ilikuwa yake, na alikuwa ameionea fahari kutwa nzima.

"Fundi, rangi imekauka?"

"Bado."

"Futa TUPU. PA iache."

"Halafu?"

"Andika WATU."

Fundi alipima kwa vidole, akaguna. "Itabana."

"Iache ibane."

Kesho yake mkuu alivuta kitambaa, akasoma kwa sauti nzito: "'Msitu huu wa serikali ulipandwa mahali pa watu…'" Akasita. Akamgeukia mhifadhi. "Watu gani?"

Mhifadhi alinyoosha mkono kwenye benchi la mbele, alikokuwa amemketisha shangazi.

"Huyo hapo, mkuu. Muulize."

Shangazi alikuwa ameshasogea kumpisha mkuu. "Kaa, baba," alisema. "Nianzie kwenye mlimau."