Fomu Kumi za Ridhaa

Saa nne ya asubuhi beseni la mahamri la Dhahabu lilikuwa bado limejaa. Mtaani Bofu, mahamri ya saa nne ni mahamri ya aibu; muuzaji anayejua kazi yake huwa keshamaliza saa mbili, keshaosha karai, na sasa anapiga soga na majirani. Mbaazi zilikuwa zimeganda juu sufuriani. Wateja walipita upande wa pili wa njia, wakamsalimia kwa mbali, wakaenda kununua kwa mama mwingine ambaye mahamri yake, kila mtu ajua, hayaivi ndani.

Nyamvula alisimama mbele yake na koti lake la mhudumu wa afya ya jamii.

"Nifungie kumi."

"Nyumbani kwako mko wawili."

"Nifungie, shoga."

"Jana pia ulichukua kumi. Mliyala au uliwapa kuku?"

Nyamvula alihesabu pesa. Alikuwa amewapa kuku.

Balaa lenyewe lilianza mwezi wa tatu, pale kurasa mbili za jarida moja la utafiti la ng'ambo zilipotumwa kwenye grupu la WhatsApp la kanisa. Aliyezituma alifurahi kwa moyo mweupe: Bofu yetu imefika Ulaya! Zilikuwa kwa Kiingereza, lakini Bofu haikosi wasomi, na kufikia magharibi watu walikuwa wameshatafsiriana. D., miaka thelathini na minne, muuza mahamri kando ya kanisa, mume ni kuli bandarini. Ana fistula tangu uzazi wa pili, mkojo unamvuja bila yeye kujua, na hulala chumba cha pili akimpa mumewe kisingizio cha joto. Jina halikuandikwa. Jina walilificha kwa uangalifu mkubwa.

Mumewe, Kai, alisomewa na wenzake kazini. Wiki hiyohiyo alihamia kwa nduguye Changamwe, eti awe karibu na kazi.

"Wamenijibu," Dhahabu alisema sasa, akifunga mahamri kwenye gazeti.

"Nani?"

"Hao wenye jarida. Niliwaandikia barua ya kurasa mbili kwa mkono wangu. Janice wa ofisi ya kanisa akaifasiri, akawatumia picha ya ile barua yangu pamoja na tafsiri. Wasema watamwuliza yule Daktari aliyetuhoji iko wapi fomu niliyotia sahihi. Kama hakuna, wataiondoa makala na kutangaza kwamba walikosea." Aliinua uso. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu Nyamvula kuuona uso ule umechangamka. "Na mimi sikutia sahihi popote. Wewe ulikuwepo. Si nilisema haya msiyaandike? Nilisema, sikusema?"

"Ulisema."

"Basi wakikuuliza utawaambia."

"Nitawaambia," alisema Nyamvula, akachukua mahamri yake na kuondoka, masikio yakimwaka moto.

Yalikuwa na sababu ya kuwaka. Daktari Felix Musyoka, daktari wa shahada na si wa sindano, mhadhiri wa chuo kimoja mjini, alikuwa akiutafuta uprofesa, na uprofesa hupimwa kwa makala. Alizungumza na wanawake kumi wa Bofu, Nyamvula akiwa mkalimani kila walipotumbukia kwenye lugha ya nyumbani. Walifunguka kwa sababu ya Nyamvula. Dhahabu alifunguka kwa sababu Nyamvula huyohuyo alimwambia kwamba ni mazungumzo tu, ya kumtafutia rufaa ya upasuaji. Rufaa hadi leo haijaja. Miezi minne baadaye Daktari akatuma meseji: jarida lataka fomu za ridhaa, zote kumi, kesho saa sita.

Wawili kati ya wale wanawake walikuwa wamehama. Mmoja alikuwa amekufa. Dhahabu alikuwa nyumba ya tatu kutoka mlangoni pake, na Nyamvula alijua vizuri angejibiwa nini. Basi alijifungia chumbani, akaketi kitandani na kisahani cha wino, akatia vidole vyake mwenyewe, kimoja kwa kila fomu, mpaka vikaisha. Kwa Dhahabu alitumia gumba la kulia, kana kwamba rafiki alistahili kidole kizuri. Palipoandikwa "shahidi" alitia jina lake, mara kumi. Haraka ile ilimsahaulisha kwamba Dhahabu alimaliza darasa la nane, na kwamba mwandiko wake ulikuwa ukibandikwa ukutani shuleni. Daktari alizipokea fomu, akazipitisha macho, akasema asante. Hakuuliza kitu.

Sasa Daktari alimwita aende Nyali, kwenye mkahawa wenye kiyoyozi, akamwagizia sharubati ambayo hakuiomba.

"Mama Nyamvula, hapa hakuna kesi," Daktari alisema. "Ni barua tu. Unathibitisha kwamba ulimsomea yule mama fomu kwa lugha yake, akaelewa, akaweka kidole kwa sababu hajui kusoma wala kuandika."

"Ajua kuandika, Daktari."

"Fomu inasema hajui."

"Zile fomu nilizijaza mimi. Vidole vyote ni vyangu."

Daktari alikiweka kijiko chini polepole. Hakushtuka hata kidogo, na hapo ndipo Nyamvula alipotambua kwamba alikuwa akijua siku zote.

"Hilo sijalisikia," alisema. "Na wewe hujalisema. Mimi nilikuambia utie vidole vyako?"

"Ulisema wataka fomu kesho saa sita."

"Fomu. Hata simu yangu iko na ile meseji. Sasa nisikize, mama. Hiyo sehemu ya shahidi, jina langu haliko hata mara moja. Lako liko mara kumi. Makala ikiondolewa, chuo kitauliza ni nani alighushi. Zahanati itauliza. Hilo koti utalivua, na Bofu nzima itajua kwa nini umelivua."

"Na Dhahabu je?"

"Hakutajwa jina. Kimaadili tuko sawa kabisa."

Barua ilikuwa imeshachapwa. Kalamu ilikuwa imeshafunguliwa na kulazwa juu yake, upande wa mkono wake wa kulia. Nyamvula alisoma mstari wa kwanza, wa pili akauruka, akatia sahihi. Aliona haya, na haya iliyomzidi ni kwa jinsi mkono wake ulivyokuwa mwepesi. Halafu, kwa kuwa kiu ilimkaba na Daktari alikuwa akimtazama, akanywa ile sharubati mpaka chini.

Siku ya tisa tangu atie sahihi ile akaitwa kwa Dhahabu. Ilikuwa alasiri. Janice alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, simu mkononi. Kwenye kamba vilianikwa vile vitambaa vya kuzuia mkojo ambavyo kwa miaka sita Dhahabu alivikausha uvunguni. Sasa vilipigwa na jua mbele ya watu, maana hakubaki mtu wa kumficha.

"Keti, shahidi wangu," Dhahabu alisema. "Nilimkataza asisome mpaka uje."

Janice alisoma kimya kwanza, midomo ikicheza, kisha akaanza kufasiri polepole.

"Mhariri asema wamechunguza. Wameletewa fomu ya ridhaa yenye alama ya kidole. Wameletewa pia barua ya shahidi. Shahidi asema mshiriki hajui kusoma wala kuandika. Kwa hivyo ile barua ya kurasa mbili iliyoandikwa kwa mkono, wasema, haiwezi kuwa imetoka kwa mshiriki. Wamwomba aliyeiandika aache kulitumia jina la mgonjwa."

"Ati nini?"

"Ndivyo walivyoandika, dada."

Dhahabu alicheka, kicheko kifupi kisicho na raha. "Yaani nimejisingizia kuwa mimi."

"Wasema pia, mshiriki mwenyewe akiwa na la kusema, alipitishe kwa yule shahidi aliyemsomea fomu. Shahidi amwandikie, kisha mtafiti mkuu awafikishie. Na shahidi ni..." Janice aliacha kusoma. Macho yake hayakuondoka kwenye simu.

"Soma."

"Dada, si lazima."

"Janice, soma."

"Ni Nyamvula Ruwa."

Nyamvula alingoja kelele. Aliziomba, maana kelele angezijibu. Angelia, angepiga magoti, angesema habari ya Daktari na saa sita. Dhahabu hakupiga kelele. Aliinuka, kanga yake imelowa nyuma, na hakujishughulisha kuizungusha kama alivyozoea. Aliingia ndani akatoka na daftari na kalamu, akaviweka mapajani pa Nyamvula.

"Andika," alisema. "Mimi sijui kuandika."

"Dhahabu, shoga..."

"Andika. Mimi, Dhahabu, mkaazi wa Bofu, sikusomewa fomu yoyote."

Nyamvula aliandika.

"Nilisema haya yasiandikwe."

Aliandika.

"Kile kidole si changu."

Aliandika na hilo. Janice alikuwa ameinamia miguu yake mwenyewe. Nje ya ua mtu alipita akitema mate, au labda alikuwa akikohoa tu. Siku hizi hapakuwa na njia ya kujua.

"Ni cha," alisema Dhahabu, akatua, kama mwalimu anayetoa imla na kuwangoja wanafunzi wazito.

Kalamu haikusogea.

"Ni cha," Dhahabu alirudia, taratibu. "Malizia, shahidi. Kisha uipeleke kwa Daktari, awatumie."