Jicho la Mtakatifu Antoni

Mama Nakhle aliteremka bonde la Kadisha asubuhi, funguo za pango kiunoni na mkate wa zaatari, majani makavu yenye harufu nzuri, mkononi. Wale vijana wa kukarabati michoro walikuwa wakimshangaza. Wiki sita wamo ndani ya pango la watawa, wanapangusa ukuta kwa vijibrashi kama vya kupigia mswaki!

"Ungenipa mimi ufagio, kazi ingeisha Jumatatu," alimtania Jumana, mkuu wao.

"Na Mtakatifu Antoni naye angeisha Jumatatu hiyohiyo, mama." Jumana aliupokea mkate akicheka.

Antoni wa ukutani alikuwa ameanza kuonekana tena chini ya masizi ya karne nyingi: ndevu, fimbo, jicho la kulia. La kushoto lilikuwa shimo tupu. Wanawake wa bonde lile walikuwa wakimkwangua mtakatifu wao tangu enzi za mabibi. Mtoto akishikwa na homa, mama yake alibandua kipande cha lipu, akakisaga, akamnywesha kwa maji. Nani angeuita uharibifu? Ilikuwa dawa.

"Leo tunaliziba kwa chokaa tupu," Jumana alisema. "Likishazibwa, basi tena. Vipande vyote vya uso tumeviokota sakafuni, ila hicho cha jicho. Kuna mama alimnywesha mwanawe zamani, na simlaumu."

Mkono wa Mama Nakhle ulikwenda wenyewe kwenye kifuko kilichoning'inia shingoni, ndani ya gauni jeusi.

Siku ile alikuwa na miaka ishirini na mbili, theluji ikimfika magotini, mwanawe akiungua homa nyumbani. Alilibandua jicho kwa kisu cha jikoni, akaipanda njia ya mbuzi mbio, na alipofika mlangoni mama mkwe alikuwa ameshamfunika mtoto shuka mpaka usoni. Hakukisaga kile kipande. Nusu karne watu wamemwita kwa jina la mtoto aliyeishi miezi tisa, na hicho ndicho kitu pekee cha mwanawe alichobaki nacho. Akikitoa, atabaki na nini?

Jumana akaanza kukoroga chokaa.

"We mtoto, hebu ngoja! Haraka ya nini?" Mama Nakhle akaukata uzi wa shingoni kwa meno, akamtupia kifuko kiganjani kwa hasira, kama anayenyang'anywa.

Jumana alikifungua. Jicho likamtazama, jeusi, na rangi yake yote. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mtoto hakunywa?"

"Nilichelewa."

Jumana alipaka chokaa shimoni, akakipachika kipande mahali pake, akakifunika kwa karatasi laini, kisha akauchukua mkono wa mama yule na kukiweka kidole gumba chake juu ya karatasi.

"Bonyeza taratibu, mama, mpaka chokaa ishike."

Vijana wakamaliza mkate, wakaosha ndoo. Jumana akarudi kutazama.

"Imeshika, Mama Nakhle. Unaweza kuachia."

"Bado kidogo," alisema.