Dakika Tatu Kabla ya Kuzima

Masalu alipoileta ile injini ndogo hapa Kagongwa, Boaz, jirani yetu mwenye mashine ya kukoboa kama sisi, alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la pumba.

"Shemeji, mumeo kauza ng'ombe kanunua mbuzi!"

Injini ya zamani ilijaza nusu ya kibanda. Hii ningeweza kuikumbatia, lakini ilikoboa mpunga uleule, tena kwa dizeli kidogo. Mume wangu alinionyesha turbo, kitu chenye umbo la konokono ubavuni mwake.

"Moshi unaotoka unazungusha feni humu, feni inaisukumia injini hewa nyingi. Ni ndogo, ila ina mapafu ya fahali."

Alikataza jambo moja tu: kuizima ghafla. Turbo ikiwa ya moto, oili ikisimama humo inaungua, na turbo inakufa. Kila jioni aliishusha mwendo, akaiacha ingurume polepole dakika tatu. Katika dakika hizo aliniuliza, "Haya, Mama Justa, siku yako imekuwaje?" Kwa miaka sita, sikumbuki kama aliwahi kusahau.

Februari hii alifariki hospitalini, Mwanza. Siku ya kumleta nyumbani, Boaz alikuwa kwenye mashine yetu akikoboa mpunga wa kuwalisha waombolezaji. Gari lilipoingia uani, mashine zote za mtaa zilinyamaza, kama ilivyo desturi. Yetu tu ikaendelea. Boaz akakimbilia kuizima.

"Usizime!" nikasema. "Ishushe kwanza. Dakika tatu."

Lusia, shangazi yake Masalu, akashika kiuno. "Mke wetu, mwenzio yumo kwenye sanduku, wewe unalinda chuma?"

Niliogopa. Ningesemwa mpaka matanga yaishe, na baada ya hapo. Lakini chuma hicho ndicho alichotuachia, mimi na binti yetu, na turbo nyingine sina pa kuitoa.

Boaz alitutazama, kisha akaishusha mwendo taratibu. "Shangazi, tusubiri. Mwenyewe hakuwahi kuizima ghafla hata siku moja."

Wabebaji wakasimama na jeneza mabegani. Nikasogea, nikaweka mkono kwenye mbao.

"Baba Justa, leo tumekoboa magunia manne. Justa amefika na basi la asubuhi kutoka Geita. Boaz hajacheka."

Nikamsikia Boaz akivuta kamasi. Nikamwinulia mkono, akazima. Lusia ndiye aliyeanza kulia, sisi tukamfuata.