Ukumbi Uliogeuzwa

Simu ya Bridgit ilimkuta Awuor akibadilisha zipu ya begi la shule, mkono mmoja ukizungusha cherehani na mwingine ukiongoza kitambaa. Aliibana simu kati ya sikio na bega, akaendelea na kazi. Bridgit alikuwa mwandalizi wa tamasha la muziki linalofanyika Eldoret kila mwaka, na alikuwa mtu wa kuongea mbiombio, kama anayeogopa simu itakatika. Alisema bendi ya Awuor ndiyo imechaguliwa kufunga tamasha Jumamosi ya wiki ijayo, katika ukumbi ulio nyuma ya steji ya magari yaendayo Soy.

Cherehani ikasimama. Kufunga tamasha si jambo dogo. Bendi ya mwisho ndiyo watu huondoka nayo midomoni. Awuor alishukuru, kisha akauliza kitu kimoja tu: jukwaani atapandaje?

Bridgit alimwambia asiwe na wasiwasi. Vijana wenye nguvu watakuwepo, wambebe kama mwaka jana.

Hapo ndipo furaha ilipoingia doa. Awuor alikuwa na miaka thelathini na minne, na tangu akiwa na tisa, ugonjwa wa uti wa mgongo ulipomnyang'anya miguu, alitumia kiti cha magurudumu. Hilo alikuwa amelizoea vile mtu anavyozoea kimo chake. Kodiani aliachiwa na mjomba wake, mpigaji muziki wa harusi na matanga, na kwa miaka ishirini alikuwa ameinyanyua, akaivuta na kuibana mpaka mabega yake yakawa kama ya mpiga makasia. Pale mtaani kwake Huruma, akianza kupiga jioni, majirani hupunguza redio zao. Alijijua kuwa ni mwanamuziki mzuri, na hakuona haja ya kujifanya hajui.

Lakini mwaka jana wanaume wanne walimnyanyua yeye na kiti chake hadi juu ya ngazi saba za jukwaa. Mmoja alikanyaga mkanda wa kodiani, kiti kikaenda upande, na watu wakapiga ukelele. Alipotua jukwaani, mshereheshaji aliomba makofi kwa ajili ya ujasiri wake. Makofi yalikuwa mengi sana, na yeye alikuwa bado hajagusa hata kitufe kimoja. Akapiga vibaya siku hiyo, na makofi yakawa yaleyale. Kwa wiki nzima picha iliyozunguka kwenye simu za watu ilikuwa yake akiwa hewani, ameng'ang'ania kiti kama mzigo unaoshushwa kwenye lori. Kuhusu nyimbo, hakuna aliyemwambia neno.

"Madam Bridgit," alisema, "nitakuja kufunga tamasha. Lakini kubebwa, hapana. Nikipanda, nipande mwenyewe."

Bridgit hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na bendi kumi na moja za kupanga na choo kimoja kisichotoa maji. Alivuta pumzi, akasema kama Awuor atapata njia ya kupandia, yeye hana pingamizi.

Awuor alijua wa kumwendea. Obiero alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, kibanda chake kilikuwa nyumba tatu kutoka kwake, na alikuwa amemtengenezea kile kiti mara nyingi mpaka kilichobaki cha kiwandani kilikuwa ni magurudumu tu. Alimwita nyar Gem, yaani binti wa Gem, kwa sababu huko Gem ndiko kwao Awuor. Alimsikiliza hadi mwisho, akasema rampu ni kitu rahisi: vyuma viwili, bati nene juu, magurudumu yanapanda. Hiyo ni kazi ya siku mbili.

Alhamisi wakaipeleka ukumbini kwa mkokoteni, vyombo vya bendi vikiwa juu yake. Okumu, mpiga gita wa bendi na rafiki wa Awuor tangu shule, alikuja kusaidia. Ukumbini walimkuta Yusuf, mfanyabiashara aliyekodisha viti, mahema na spika mji mzima, akisimamia wafanyakazi wake wakipanga viti vya plastiki mia nne. Obiero aliegemeza rampu kwenye jukwaa, akaipiga teke kuonyesha uimara wake, akasema, "Panda, nyar Gem."

Ilikuwa na urefu wa mita tatu na ilisimama kama paa la nyumba. Awuor aliitazama, akamtazama Obiero, akaamua kumheshimu mzee kwa kujaribu. Alirudi nyuma, akasukuma magurudumu kwa nguvu zake zote, akafika katikati. Hapo kiti kikasita kama punda. Kisha kikaanza kurudi kinyumenyume, taratibu kwanza, halafu bila adabu, kikampita Okumu aliyenyoosha mikono akakosa, kikaingia kwenye rundo la viti vya Yusuf ambavyo vilimwangukia kimoja kimoja.

Halafu kutoka chini ya viti kikasikika kicheko cha Awuor, na Yusuf, aliyekuwa amekimbia akiwa ameshika kichwa, akaanza kucheka pia. Obiero peke yake hakucheka. Alikuwa ametoa futi yake ya utepe, anapima jukwaa. Kulikuwa na mita moja na robo kutoka sakafuni. Alikuna kidevu, akapiga simu kwa fundi mwenzake wa majengo, akarudi uso umemshuka. Kumbe kwa kila mita moja ya kupanda unahitaji mita kumi na mbili za kwenda mbele. Rampu ya jukwaa lile ilitakiwa iwe ya mita kumi na tano.

Bridgit aliitwa. Alisimama kati ya viti akahesabu kwa kidole. Mita kumi na tano zingefika katikati ya ukumbi na kula viti themanini, na tiketi zilikuwa zimeshauzwa. Hata ikikunjwa mara mbili, ingeziba safu zote za mbele. Nyuma ya jukwaa kulikuwa na ukuta mtupu. Alisema anasikitika, na uso wake ulionyesha hivyo kweli.

Okumu alimvuta Awuor pembeni. Alipendekeza wambebe mapema, kabla milango haijafunguliwa, pazia likiwa limefungwa. Hakuna atakayeona, hakuna atakayepiga picha.

Awuor alilifikiria hilo kwa dakika nzima, kwa sababu alitaka sana kupiga. Kisha akamuuliza Okumu yeye angekaaje juu huko tangu saa nane mchana mpaka watu wa mwisho watoke, na akibanwa na haja je? Amngojee nani amshushe? Alisema anapenda muziki, lakini hatakaa jukwaani kama paka aliyekwama kwenye paa. Kama haiwezekani, basi Okumu na wenzake wafunge bila yeye. Alilisema bila hasira, na Okumu akajua limekwisha.

Obiero alihitaji muda wa kuirudisha rampu kwenye mkokoteni na kuifunga. Awuor alisogea hadi upande wa mlango mkuu, ambako sakafu ilikuwa pana na sawa, akaipakata kodiani yake. Hakuwa na nia yoyote. Alikuwa na mikono isiyo na kazi. Alianza na wimbo mmoja wa mjomba wake, polepole, na mara akagundua kitu: hapo mlangoni dari ilikuwa ya mbao, na ya chini, na sauti haikupotelea juu kama kule jukwaani. Ilikwenda mbele, ikagonga ukuta wa mbali, ikarudi ikiwa imenona. Akaongeza kasi. Okumu alichukua gita akakaa kando yake.

Wafanyakazi wa Yusuf walikuwa wamechoka tangu asubuhi. Mmoja aligeuza kiti akakaa, akawaangalia. Mwingine akafanya hivyohivyo, kisha wa tatu. Wimbo wa pili ulipoisha, safu mbili nzima zilikuwa zimeligeuzia mgongo jukwaa, na Bridgit alikuwa amesimama katikati yake na karatasi zake mkononi, mdomo wazi kidogo.

Yusuf aliangalia viti, akaangalia jukwaa tupu, akamwambia Bridgit, "Viti ni zangu. Zikiangalia huku, bado ni zangu."

Bridgit alianza kutaja matatizo. Watu wataingilia wapi? Yusuf akamwonyesha milango miwili ya pembeni iliyokuwa imefungwa kwa kufuli miaka nenda rudi. Umeme? Okumu alikuwa na waya mrefu. Bendi nyingine je? Hapo Awuor alisema labda aziulize. Zikaulizwa kwa simu palepale, na zote kumi zikasema hazijali, ila moja iliyotaka kujua kama maji ya chooni yamerudi.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Watu waliingia kwa milango ya pembeni, wakasimama wakishangaa upande wa kuangalia, kisha wakakaa. Waliokosa viti walipanda jukwaani wakaketi ukingoni, miguu ikining'inia, na baadaye wengine wakaanza kucheza hukohuko juu. Bridgit alikuwa na hofu moja iliyobaki, mgeni wa heshima. Mama Chepkoech, mwalimu mkuu mstaafu, kila mwaka alikuwa akiketishwa jukwaani kwenye kochi. Bridgit alimwendea na maneno ya kuomba radhi tayari mdomoni. Mama Chepkoech alitazama kochi lililowekwa chini, safu ya mbele, akaketi akanyoosha miguu. Alisema miaka minne amepanda zile ngazi akihesabu maumivu ya goti, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Saa kumi na moja zamu ya Awuor ikafika. Hakuna aliyembeba. Alijisukuma kutoka ukutani hadi mbele, kama mita sita hivi, akaweka breki, akavaa mikanda ya kodiani, na ukumbi ukanyamaza ukingoja kusikia. Ule ukimya ulimgusa kuliko makofi yoyote. Alipiga nyimbo tano, na katika wimbo wa tatu alichangamka mno, vidole vikakimbia na Okumu akabaki akitoa jasho nyuma yake. Kufikia wa tano, safu ya mbele ilikuwa imesimama, na Mama Chepkoech alikuwa akitingisha mabega kwenye kochi lake.

Makofi yalipotulia, mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya alikuja moja kwa moja hadi kwenye kiti cha Awuor. Alijitambulisha kuwa Kabiru, na kwamba ujana wake wote aliumaliza akipiga kodiani kwenye mwomboko, ngoma ya Wakikuyu. Awuor alijiandaa kusikia habari za ujasiri.

"Wimbo wa tatu umeukimbiza," mzee alisema. "Mpiga gita alikuwa anakufukuza kama mwenye kuibiwa. Na unavuta mivukuto ya kodiani mapema kabla sentensi ya wimbo haijaisha."

Awuor alimkodolea macho. Kisha akaanza kubishana naye. Alisema kwao Gem wimbo ule hupigwa kwa kasi ileile. Mzee Kabiru akasema hata huko Gem watu hupumua. Aliomba kodiani, akakaa kwenye kiti cha Yusuf, akamwonyesha jinsi ya kuishika pumzi hadi neno la mwisho. Vidole vyake vilikuwa vizito lakini vilijua njia. Awuor akajaribu. Mzee akatikisa kichwa, akamwambia arudie. Wafanyakazi walikusanya viti kuwazunguka na wao bado wanabishana, na Okumu, ambaye alikubaliana na mzee kwa kila neno, aliona busara kukunja waya wake.

Jumatatu bendi ilikutana Huruma kwa mazoezi. Awuor alitangaza kwamba wimbo wa tatu utapigwa polepole zaidi kuanzia siku hiyo, kwa sababu ameamua hivyo mwenyewe. Obiero alikuwa mlangoni mwa kibanda chake, anakatakata ile rampu kutengeneza kitu kingine. Okumu alikaza nyuzi za gita, akainamisha kichwa kuficha tabasamu, akamngoja aanze.