Mizani ya Chai ya Mama

Baba alikuwa karani wa kupima chai pale Kibugu. Kila mara Mama alipofika na kikapu chake, Baba aliweka kalamu sikioni, akatoka nje ya banda. Jirani yetu, Mzee Muriuki, ndiye aliyesoma mizani badala yake, na macho ya Mzee Muriuki hayakuwa ya kutegemewa. Leo tulipunjwa kilo moja, kesho mbili. Wanawake walicheka, "Karani anaogopa bibi yake!" Nilikuwa darasa la nne, na nilimwonea haya baba yangu, nisiseme uongo.

Sasa mimi ni mhadhiri hapa Meru, na mbele yangu kuna fomu ya kamati ya maadili. Miaka sita nimekanyaga matope ya mashamba ya Manyatta nikijaribu mbolea mpya ya maharagwe. Mwezi ujao tunaanza kuchambua matokeo. Swali la saba linauliza: je, wewe au mtu wa nyumbani kwako ana hisa katika kampuni inayotengeneza mbolea hii? Mume wangu Muriithi alizinunua mwaka jana, kimya kimya. Nilizigundua juzi nikitafuta kadi ya bima kwenye droo yake.

"Weka hapana tu, Daktari," alisema Munene, mwenzangu katika utafiti. "Si ni za bwanako? Ukisema, watakutoa kwa hii project. Na ni wewe uliianzisha."

Hakukosea. Nilikasirika sana: na Muriithi, na fomu, na mimi mwenyewe kwa kuwa kalamu ilishaelekea kwenye hapana.

Ndipo nilipokumbuka harufu ya chai mbichi, na ile jioni niliyomwuliza Baba kwa nini anatuaibisha. Alikuwa akivua viatu vyake vya gambuti mlangoni.

"Macho yangu yanampenda mama yako," alisema. "Yakisoma mizani yake, yataona kilo ambazo hazipo."

Amelala kaburini Kibugu miaka kumi na moja sasa. Ninamkumbuka mno.

Nikaandika ndiyo.

Kamati ilinitoa. Siku ya kuchambua ilipofika, nilimkabidhi Munene madaftari yangu yote, nikaweka kalamu sikioni, nikatoka. Dirishani nilimwona amesogeza uso hadi karibu aguse kompyuta, macho ameyafinya, maana huyu bwana amekataa katakata kununua miwani. Nikacheka peke yangu pale nje, machozi yakinitiririka.