Pumba za Nguruwe wa Bwana

"Baba Antoni, nimevaa viatu au bado?"

Kornel alitazama miguu ya mkewe. Ilikuwa mitupu. Alimvalisha katambuga za mpira wa gari, akambeba mgongoni hadi zahanati kabla ukungu haujaondoka mlimani.

Wagonjwa walisimama nje. Benchi lipo, lakini la wenye suti. Ilipofika zamu yao, dresa Basili, msaidizi wa daktari, aliwaamkia shikamoo, akamchoma Magdalena unyayo kwa sindano. Hakushtuka. Akamwambia atoe ulimi. Ulikuwa mwekundu, umechubuka.

"Mama anakula nini, mzee?"

Kornel alijivuna. Kazi yake ilikuwa kuchekecha unga kwenye mashine ya Mzungu mmoja pale mjini, na posho alipewa unga huohuo. "Ugali mweupe pe, kijana, na chai ya rangi. Mke wangu hajala pumba tangu tushuke kutoka Kilema kule mlimani."

"Kilema nilikula ulezi na maharage," Magdalena alidakia, "nikabeba mikungu ya ndizi hadi gulioni. Huku nimekuwa memsahibu, nabebwa mimi."

Basili hakucheka. "Mzee, hizo pumba unazozitoa ndizo zenye vitamini B. Mtu mzima akiikosa, miguu inakufa ganzi. Mwisho hata akili inampotea."

Kornel aliitazama mikono yake. Unga ulikuwa umeganda kwenye kucha.

"Dawa ipo?"

"Vidonge viko kabatini. Ila amri ni vya vibarua wa mkonge. Mtu atakayerudi kazini."

"Na sisi wazee?"

"Amri sikuitoa mimi, baba. Mama ale ulezi."

"Ulezi upi? Si serikali yenu imeupiga marufuku sokoni, eti tutapika pombe ya mbege wakati wao wana vita?"

Basili alitazama mlangoni. "Anayefuata!"

Kornel alimrudisha mkewe nyumbani, akaenda kazini. Alichekecha kama siku zote. Unga ulianguka huku, pumba kule, kwenye magunia ya nguruwe wa Bwana mwenye mashine. Nguruwe wale walikuwa na miguu imara. Wakati wa kufunga mashine alivua kofia, akaijaza pumba mbele ya karani Ebenezeri.

"Wee mzee! Za nguruwe hizo! Namwambia Bwana."

"Mwambie. Mwambie pia Mama Antoni anaomba apandishwe cheo, awe nguruwe."

"Basi kesho usikanyage hapa!"

Kornel alishika kofia kwa mikono miwili, akapita getini.

Uji wa pumba aliompikia mkewe ulikuwa mzito, wa kukwaruza. Magdalena alikunja uso.

"Nini hiki?"

"Chakula cha wakubwa. Kunywa."

Alikunywa wote. Kornel akaketi chini, akamminya unyayo kwa kidole gumba.

"Unasikia?"

"Sisikii."

Akasogea kisiginoni. "Na hapa?"

"Umeshaanza kuminya?"

Kornel aliendelea kuminya. Kwenye kofia zilibaki pumba za uji wa kesho asubuhi tu.