Mkia Ulipoinuka

Mshale wa geji ulitetemeka kidogo, kama kidole cha mtu anayetafuta mstari kitabuni, kisha ukatulia. Ponsian alisubiri. Hakuwa mtu wa kuharakisha mambo. Alikuwa amemimina galoni moja ya petroli katika tangi la ndege, na pale mshale ulipolala aliweka alama nyembamba ya rangi nyeupe kwa ncha ya unyoya wa kuku. Kisha galoni nyingine, na alama nyingine. Chini kabisa, mpaka wa hatari, alikuwa amechora mstari mwekundu.

Ndege hiyo ya viti viwili ilifika Usevya ndani ya makasha saba, vipande vitupu. Mwaka mzima Bruda Yohani wa misheni aliiunganisha pamoja na Ponsian, aliyekuwa fundi wa machimbo ya Mpanda kabla hayajafungwa. Wiki iliyotangulia walikuwa wakirekebisha nyaya za usukani, mkia ukiwa umepandishwa juu ya benchi la kanisa ili ndege isimame sawasawa kama irukavyo. Ponsian alikaza na kulegeza, robo mzunguko kwa robo mzunguko, hata Bruda akacheka.

"Ponsian, ukifa utamuuliza Mtakatifu Petro kama bawaba za lango zimetiwa grisi."

"Zisipotiwa, Bruda, nitarudi kuchukua kopo."

Lyamba, mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa na kazi ya kuwaondoa ng'ombe kiwanjani, hakukubali kupitwa. "Mtani, nyie Wapimbwe mnaruka kwa ungo tangu zamani. Petroli ya nini?"

"Ungo haumbebi Msukuma. Samli inautelezesha."

Hayo yalikuwa mambo ya siku njema. Jumatano ile hakuna aliyetania. Hilaria, binti pekee wa Ponsian, alikuwa amejikunja kwa maumivu ya tumbo siku ya pili, na mto ulikuwa umemeza daraja la barabara ya Mpanda. Sista Séverine wa zahanati alimbonyeza upande wa kulia, akauondoa mkono wake taratibu.

"Ni kidole tumbo. Asipopasuliwa leo, kesho hatutakuwa na wa kumpasua."

Wakamfunga mkanda katika kiti kilicho kando ya kile cha Bruda, rubani. Bruda alitazama kaskazini, ambako wingu lilikuwa likivimba, akagusa kioo cha geji.

"Petroli nyingine haipo, na injini hii bado sijui inakunywa kiasi gani. Nikikuta Mpanda imefungwa na wingu, mshale ndio utakaoamua. Ukiwa juu sana ya mstari wako mwekundu, naendelea Tabora. Ukiwa karibu nao, natafuta pa kutua hapo hapo. Niuamini?"

"Kama unavyoiamini rozari yako, Bruda."

Injini ikaunguruma. Ndege ilikimbia juu ya nyasi, na kabla magurudumu hayajaiacha ardhi, mkia uliinuka kwanza. Pua, iliyokuwa ikitazama juu, ikashuka. Ndege ikanyooka kama rula mezani. Ponsian aliitazama kwa fahari, kisha fahari ile ikamtoka.

Boya la geji, lile lieleealo juu ya petroli na kuusukuma mshale, lilikaa upande wa mbele wa tangi. Ndege ikikalia mkia, mafuta hulala nyuma, nalo boya hushuka. Ndege ikinyooka, mafuta hukimbilia mbele, boya likapanda, ingawa hakijaongezeka hata kijiko. Yeye alama zake aliziweka Jumatatu, ndege ikiwa imekalia mkia, kwa sababu Jumamosi jioni alikuwa amelirudisha benchi kanisani kwa mikono yake mwenyewe, ili Misa isikute safu moja ina pengo. Sasa huko juu mshale ulikuwa ukimwonyesha Bruda mafuta ambayo hayapo.

Alikimbia. Alipunga mikono yote miwili, akapiga kelele hata sauti ikakatika. Bruda, akidhani anaagwa, aliyatikisa mabawa mara mbili, akageukia kaskazini.

"Mtani," Lyamba alisema akicheka, "unataka kumfuata kwa miguu?" Kisha akauona uso wake. "Kuna nini?"

"Geji inasema uongo."

"Si wewe uliyeiandika?"

"Ni mimi."

Lyamba aliiegemea fimbo yake. Kaskazini wingu lilikuwa limegusana na milima. Ponsian alijaribu kuamini kwamba nyuma ya wingu lile Mpanda ilikuwa na jua, lakini matumaini yalimponyoka kama kambare mkononi.

Mkewe, Verdiana, alikuja akiukata uwanja kwa haraka, kanga imelowa hadi magotini. Alikuwa amebaki nyumbani. Moyo wake ulikataa kutazama.

"Nimeisikia ikipaa," alisema, akamshika mkono uliokuwa bado na rangi kwenye kucha. "Mungu ashukuriwe. Na mikono hii nayo ishukuriwe, Baba Hilaria."

Lyamba alikuwa amesikia tu kwamba geji inasema uongo; hakuna mtu Usevya aliyejua habari za boya na tangi. Angeweza kunyamaza, na kama lingetokea la kutokea, lingeitwa mapenzi ya Mungu, naye angepewa pole pamoja na wafiwa wengine.

"Keti, Mama Hilaria."

"Nyasi zina maji."

"Keti tu."

Verdiana akaketi. Ponsian alieleza tangu mwanzo, jambo baada ya jambo, kwa utaratibu ule ule aliozoea kuelezea kila kitu, na kila neno lililokaa mahali pake lilimchoma zaidi ya lililotangulia. Alipomaliza, mkono wa mkewe ulikuwa umeuacha mkono wake; hakujua uliuacha saa ngapi.

"Kwa hiyo sasa hivi," Verdiana alisema polepole, "mshale unamwambia Bruda kwamba mafuta ya kumfikisha Tabora yapo."

"Ndiyo."

"Na mwanangu anautazama."

"Uko mbele ya macho yake."

Verdiana hakulia. Aliinuka, akapiga hatua tatu mbali naye, akaelekeza sikio kaskazini. Kitu kilikuwa kikinguruma huko, chembamba, mbali sana, na haikujulikana kama ni radi au ni injini. Ponsian alizuia pumzi yake, asije akamharibia kusikia.